Ulimi wa Mjomba wa Ganda

Nyumbani kwa Mama,
Juu ya Soko la Balige,
Toba.

14 Mei

Mpendwa Lamria, Ito wangu, dada yangu, Mama Ganda,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani hadi huko kwenu Jayapura. U hali gani, mdogo wangu? Presha unapima? Maji unakunywa ya kutosha? Najua maswali haya yanakuchosha, lakini mtu mwenye figo moja huulizwa habari za maji kabla ya habari za watoto. Sasa watoto: Tio ameshamaliza mitihani? Bwana harusi wetu Ganda bado anakula, au mapenzi yamemshibisha? Na shemeji Sahala, mgongo wake unaendeleaje?

Sisi hapa ni wazima wa afya. Hivyo ndivyo barua inavyotakiwa kuanza, nami nimeandika. Mengine utayaona huko chini.

Mama hajambo. Masikio ndiyo yanazidi kuziba. Juzi mchungaji alikuja kumwombea, na alipofika kwenye Amina, Mama akamwambia asijali, mchele upo wa kutosha. Lakini miguu ina nguvu, na kila asubuhi anashuka sokoni kugombana na wauza samaki. Amenituma nikuulize kama huko Papua mnapata pilipili yetu ya andaliman ya kutia kwenye samaki, au mnakula samaki mtupu kama wagonjwa.

Ito, nikuombe radhi kwanza kwa ajili ya simu. Umepiga mara nyingi tangu baada ya Pasaka, na kila mara wifi yako anapokea na kukuambia niko ziwani naoga, au nimekwenda kwa fundi wa pikipiki, au nimelala. Nadhani umeanza kujiuliza kaka yako ana uchafu gani wa kuogwa namna hiyo. Sikuwa ziwani. Nilikuwa nimekaa hapa hapa mezani, nikimpungia Mama Saroha mkono aseme uongo. Siku ile ulipopiga ya picha niliingia chini ya meza. Mtu wa miaka hamsini na minane, msemaji wa ukoo mzima, chini ya meza pamoja na paka. Naona haya hata kuiandika.

Uliambiwa nilifanyiwa operesheni ndogo ya jino. Haikuwa jino. Nilikuwa na saratani ya ulimi, au bado ninayo, kwa maana madaktari wenyewe hawapendi kutaja lipi kati ya hayo. Wamenikata ulimi upande wa kushoto, kama theluthi yake, na pengo wameliziba kwa nyama waliyoichuna mkononi mwangu, hapa karibu na kifundo cha mkono. Imeshika vizuri, hata vinyweleo vimekuja nayo. Kwa hiyo sasa mkono uko mdomoni usiku na mchana na bado sishibi, maana nakula uji na tofu peke yake. Kaa kwanza, mdogo wangu. Unywe maji. Halafu uendelee kusoma.

Ilianza kama kidonda cheupe ubavuni mwa ulimi, kidogo kama punje ya mchele. Nilikwenda nacho mpaka kilabu cha tembo cha Mama Rumondang, pale ninapokaa na chai yangu wenzangu wakinywa. Niliwaambia tu kwamba ulimi unauma. Ingekuwa bora ningewaambia nimeokota dhahabu, wangekuwa na ushauri mchache zaidi.

"Hilo joto la ndani," alisema Marihot kabla sijafunga mdomo. "Umekula durian wewe, tunda la moto."

"Sijaonja durian tangu Krismasi."

"Basi ndilo lenyewe. Limejificha humo linakuvizia."

Unamjua Marihot, mtoto wa baba mdogo. Hata akiona mtu amegongwa na lori atauliza alikula nini. Mama Rumondang naye akanifungulia kopo la kinywaji cha kupoza, akanisimamia kama mkwe mpaka nikamaliza. Mwalimu Tumpal akasema makopo ni sukari tupu, dawa ni chai ya maua. Mchungaji akasema jeli nyeusi. Nilipofika nyumbani Mama akanitia kipande cha tango mdomoni kwa vidole vyake mwenyewe. Nilipozwa, Ito, mpaka nikawa natetemeka juani.

Siwalaumu. Kwetu kila linalotokea mdomoni ni joto la ndani, na kila linalotokea tumboni ni upepo umeingia, na tumezikwa wengi kwa magonjwa hayo mawili. Nami niliamini kama wao. Punje ya mchele ikawa punje ya mahindi, ikawa na ukingo mgumu, sikio la upande ule likaanza kuuma, nami nikaongeza tango.

Kisha ikafika zamu yangu ya kwenda Medan kupimwa figo, kama kawaida. Figo lako ulilonipa lilikuwa zuri. Daktari Sembiring alikuwa ameshachukua kalamu aniandikie dawa zile zile, nami namsimulia habari za harusi ya Ganda, akaweka kalamu chini.

"Mzee Mangatur, mbona leo unaongea kama mtu mwenye pipi mdomoni?"

"Joto la ndani tu, daktari."

"Fungua."

Nikafungua. Aliangalia muda mrefu kwa taa yake ndogo, akaushika ulimi kwa kitambaa na kuuvuta, akanipapasa shingo pande zote mbili. Ito, wewe unamjua yule mwanamke, anavyopenda kucheka. Aliponyamaza ndipo nikaogopa.

Walikata kipande wakapeleka kupimwa, na majibu yalipotoka aliniita mimi na wifi yako. Alieleza kwa lugha ambayo hata Mama angeielewa. Alisema mwili wangu una askari, na figo la dada yangu ni mgeni aliyeingia bila kibali. Dawa ninazokunywa kila asubuhi na jioni ndizo zinazowalewesha wale askari ili wasimguse mgeni. Miaka kumi na mmoja wamelewa, na mgeni amestarehe. "Lakini mzee," akasema, "askari mlevi hampitishi mgeni peke yake. Mwizi naye anapita."

Alisema watu wenye viungo vya kupewa hupata saratani za mdomo wa nje, za ngozi ya uso, za ulimi na za koo kuliko watu wengine, na kwamba hilo linajulikana, ndiyo maana wauguzi hutuhimiza tuvae kofia na tujiangalie mdomoni kwenye kioo. Aliniuliza kuhusu sigara. Nilimwambia zile za karafuu niliziacha siku ile ile ulipoingizwa wewe chumba cha upasuaji, na hilo ni kweli, wifi yako ni shahidi. Akasema zile za zamani nazo huwa hazisahau, ila hata asiyewahi kuvuta anaweza kupata.

"Kwa hiyo ni kosa langu?" nikamuuliza.

"Si kosa la mtu. Ila nilisema kidonda kisichopona kwa wiki mbili kije kwangu."

"Nilidhani ni joto la ndani."

Alifumba macho kidogo. "Kila mtu anadhani ni joto la ndani," akasema. "Mama yangu mzazi angenipa tango."

Sasa nafika pale ambapo kalamu inakuwa nzito. Pamoja na kukata, ilibidi wale askari wazinduliwe. Kuzinduliwa maana yake kupunguza dawa inayolilinda figo lako, karibu nusu, na kubadilisha nyingine. Nilimuuliza wakizinduka watamfanya nini mgeni. Akasema huenda wamezoea kuishi naye, na huenda wasimpende. Hakuna anayejua mpaka ijaribiwe.

Nikakataa. Nilimwambia aukate ulimi wote mpaka shina, achukue na taya, lakini dawa za dada yangu asiziguse. Hapo Mama Saroha akaingilia. Aligeuka kwa daktari kana kwamba mimi sipo.

"Unamsikia huyu? Anadhani figo ni shuka ya ulos ya marehemu bibi, ya kukunjwa sandukuni isitumike!" Kisha akanigeukia. "Ukifa wewe, hilo figo litakwenda wapi? Litarudi Jayapura kwa posta?"

Daktari alikohoa kwenye karatasi zake ili asicheke. Nikakubali. Nikakubali bila kukuuliza wewe, mwenye figo. Ningeweza kupiga simu palepale, nilikuwa bado na ulimi mzima. Sikupiga kwa sababu ya aibu tu, sina jina jingine la kuipa.

Tangu walipopunguza, nimepimwa damu mara kadhaa. Mwanzo kipimo cha figo kilipanda vibaya, na siku hizo sikula wala kusema na mtu. Kisha kikasimama, na mpaka leo kimesimama palepale. Daktari hatoi ahadi. Anasema tusubiri mwaka, na shingo yangu nayo isubiriwe vivyo hivyo. Basi hivyo ndivyo tulivyo, mimi na figo lako na ulimi wangu, tunasubiriana.

Unaijua desturi yetu, ila acha niiandike ili uone uzito ninaoubeba. Kwetu baraka hutoka nyumba ya kaka kwenda nyumba ya dada. Kaka ndiye anayetoa shuka, mchele na samaki, ndiye anayesema neno la uzima juu ya watoto wa dada yake. Nyumba ya dada huleta nyama na nguvu za mikono, na mjomba huketi akaheshimiwa. Mambo hayapandi mlima. Sasa sisi tuliyapandisha. Nilipotoka Jakarta na figo lako, mzee mmoja wa ukoo, Mungu amrehemu, alisema kilabuni watu wakisikia: "Mjomba gani huyu anayekula tumboni mwa dada yake?" Watu walicheka. Nami nilicheka, nikawanunulia tembo wote. Sikuwahi kukusimulia. Miaka yote hii nikisimama kusema kwenye harusi na misiba, kabla ya kufungua mdomo lile neno hunipita kichwani.

Kilichonifanya niweze kusimama ni maneno yako wewe. Unakumbuka? Ulikuwa kitandani, uso wa kijani kama mboga, nami nimeletwa kwa kiti cha magurudumu nikilia kama mtoto. Ukasema, "Acha kelele, Ito, kaka yangu. Usinishukuru. Siku Ganda akioa, simama umbariki kwa sauti yako ile ya kutisha mbuzi, tutakuwa tumemalizana." Ganda alikuwa hajaota hata ndevu. Nikakuapia. Nikajiambia, vema, figo nimelipokea kinyume cha desturi, lakini mdomo ninao, na kwa mdomo huu nitairudisha mito ielekee inakotakiwa.

Na sasa ndio mdomo wenyewe umekatwa. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa, wangu hauna hata ulimi. Herufi ya r imekwenda kabisa, s inatoka kama maji ya bomba bovu, na nikizungumza kwa nguvu mate yanachuruzika upande wa kushoto bila mimi kujua, mpaka niwaone watu wanaangalia kidevu changu. Wiki iliyopita nilikwenda dukani kuomba sukari, yule binti akaniletea sabuni. Nikaichukua sabuni. Nikailipia, nikaja nayo nyumbani, kwa kuwa niliona haya kumwambia amekosea.

Jaribu kumwaza mjomba wa namna hiyo mbele ya wageni wote, mbele ya ukoo wa bibi harusi, na kipaza sauti mkononi. Mjomba lazima awavike wawili wale shuka moja mabegani, amwambie bibi harusi kwamba tangu leo yeye ni binti yake wa kumzaa, kisha amalize kwa Horas mara tatu. Nilijaribu kuisema peke yangu chumbani. Inatoka "hoyash". Neno letu la uzima, Ito, ambalo hata kasuku wa Mama Rumondang analisema.

Kwa hiyo nakuomba, na ndiyo sababu ya barua hii yote. Mwezi wa saba mtakapokuja, mwache Marihot asimame mahali pangu. Ni damu moja, desturi inaruhusu, na sauti anayo. Nimeshamdokeza. Alisema, "Sawa, nitawaambia mjomba mkubwa amemeza ulimi kwa furaha." Ni mjinga lakini hatakosea maneno. Mimi nitakaa nyuma karibu na jiko, nitawaona vizuri tu kutoka huko. Niachilie, mdogo wangu. Tafadhali niachilie.

Jumamosi

Hapo juu ndipo nilipoishia Alhamisi. Niliiacha barua mezani nikaenda kuwapa nguruwe chakula, na niliporudi nikamkuta wifi yako ameivaa miwani yangu anaisoma. Nilimwambia si vizuri kusoma barua ya mtu. Neno lilivyotoka hakulielewa, au alijifanya. Nakuambia, tangu nikatwe ulimi mwanamke huyu anashinda kila ugomvi, kwa maana nikifika katikati ya sentensi yeye ameshamaliza tatu.

Alisoma mpaka mwisho. Akavua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya karatasi.

"Baba Saroha," akasema, "Mama Ganda alikupa figo zima. Wewe unashindwa kumpa neno moja lililovunjika?"

Nikamwambia haelewi, watu watacheka.

"Wacheke. Walicheka na siku ile, wewe ukawanunulia tembo." Hilo la tembo sikujua kama analijua. Ukoo huu hauna siri, una watu wanaonyamaza tu. "Walicheka ulipopokea, sasa wacheke unapotoa. Lakini yule dada yako ataketi pale mbele, amekuja kutoka mwisho wa dunia, anatazama mlango wa jikoni kumtafuta kaka yake. Wewe utakuwa umekaa na masufuria."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nililia, Ito, nakuambia wewe kwa kuwa ulishaniona nikilia na hukufa kwa hilo. Nilikuwa nimekasirika naye vibaya sana, hasira ile ya mtu aliyeambiwa ukweli na mkewe.

Kisha Mama akatoka na kikapu chake cha sokoni. Akaniuliza kwa nini nimekaa kama fukara. Nikamwambia nimekatazwa kuona aibu. Ajabu, alinisikia, au alidhani amenisikia. Akasema, "Usinipigie kelele, mwanangu, sina uziwi." Unajua kwamba katika nyumba hii na mji huu wote Mama ndiye pekee asiyeona tofauti yoyote? Kwake yeye watu wote wananung'unika tangu zamani, mimi nimejiunga tu. Anasema naongea kama siku zote, yaani ovyo. Nilicheka mpaka mshono ukauma.

Nilitaka kuichana barua hii nianze upya, nikuandikie moja ya kiume. Sikuichana. Nimekuachia ile ya Alhamisi kama ilivyo ili umjue mtu uliyempa figo. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nimeshaumbuka, sina la kuficha tena. Ile ya kuomba uniachilie nimeifuta kwa kalamu? La, hapana, umeiona, bado ipo. Uisome kisha usinijibu.

Nitasimama mimi. Nimekwenda kwa Marihot jana kumwambia. Alinisikiliza kwa makini, akaniomba nirudie, akaniomba nirudie tena, ndipo nikagundua kwamba ananichokoza. "Alhamdulillahi," akasema, yule Mkristo wa ajabu, neno kaliokota kwa madereva wa Medan, "nilikuwa sijalala kwa hofu ya kusema mbele ya wakwe." Kisha akanishika bega, akatazama pembeni akasema kitu ambacho sikukitarajia kwake. Alisema yeye ndiye wa kwanza kutamka joto la ndani, na kila akiniona anatamani angekuwa bubu siku ile. Nikamwambia ni durian. Hakucheka vizuri.

Tangu hapo najizoeza. Najizoeza kwenye banda la nguruwe, kwa kuwa nguruwe hawana huruma na huruma ndiyo inayonimaliza. Nasimama na ndoo mkononi natamka baraka nzima mwanzo hadi mwisho, na nikifika kwenye neno lile la mwisho wanakuja wote mbio. Wanadhani ndilo jina la chakula. Daktari amesema kwa mazoezi s inaweza kurudi. Kuhusu r hakusema kitu, akanipa zoezi jingine.

Ito, kuna jambo moja la figo nataka kukuambia nikiwa na ujasiri. Likibaki, nitamshukuru Mungu na wewe. Wale askari wakizinduka wakalifukuza, nitarudi kwenye mashine kama zamani, na sitaona haya mbele yako kwa hilo. Nitajitahidi nisione. Aibu nyingine zote nimezibeba bila kuambiwa, lakini hii wifi yako amenikataza na naogopa kipigo. Kuna kitu kimoja tu nakuomba. Usimruhusu Ganda, wala Tio, wala wewe mwenyewe, kukaa na kidonda mdomoni kwa kunywa maji ya maua. Wala mimi sitakaa tena. Kila Jumapili kabla ya kanisa wifi yako ananifungua mdomo kwa taa ya pikipiki kama anayenunua farasi.

Jumapili ijayo, mkitoka kanisani, piga simu. Piga hata ya picha. Nitapokea mimi mwenyewe, na paka atabaki peke yake chini ya meza. Utasikia sauti usiyoijua. Ukitaka kulia, lia kabla hujapiga. Ukitaka kucheka, nisubiri tucheke pamoja.

Mama anakusalimu na anasema ulete samaki wa huko waliokaushwa, yeye atawatia andaliman awafundishe adabu. Saroha anakusalimu, anamwambia Tio amtafutie nguo ya harusi yenye rangi yoyote isiyo ya waridi. Mama Rumondang na kilabu chote wanakusalimu. Mwalimu Tumpal anaulizia mgongo wa shemeji na ana dawa ya kupoza, usiipokee. Msalimie Sahala, mwambie shemeji yake bado ana mikono miwili, mmoja umechubuka. Msalimie Ganda, na umsalimie binti yetu mpya, mwambie mjomba wake anajifunza kumwita binti yangu bila kumrushia mate.

Mungu aliyekugawa vipande viwili akaviacha vyote vikiwa hai, akulinde njiani, akutoe huko akufikishe hapa, akuketishe mbele kabisa siku ile.

Namalizia kwa neno letu. Nimeliandika kwa utaratibu kwa sababu kwenye karatasi bado naliweza sawasawa: Horas! Horas! Horas! Harusini mtasikia lingine. Mliitikie hivyo hivyo.

Kaka yako akupendaye kwa figo lako na kwa ulimi uliobaki,

Mangatur
Baba Saroha